PAMPU INA LAKIRI, MASHINE YA KADI JE?

Nataka kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo naona linakua huku sisi tumenyamaza, nalo ni usalama wa fedha za mwananchi anapolipia mafuta ya gari, ya vespa au ya mashine ya boti. Bei ya mafuta siizungumzii leo. Bei ina wenyewe wanaoishughulikia, na kila mwezi tunatangaziwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati (ZURA). Ninayotaka kuizungumza ni ile dakika moja baada ya mafuta kuingia tangini, mteja anapotoa kadi ya benki au simu yake ili alipe.

Hoja yangu ni hii. Tangu zamani Serikali imeona kwamba muuza mafuta hawezi kuachiwa ajipimie lita peke yake. Kwa sababu hiyo wako wakaguzi wa vipimo. Hufika na chombo chao cha kupimia, wakaihakiki pampu, kisha wakaitia lakiri. Mteja hahitaji kuwa fundi ndipo aamini lita anayouziwa. Lakini mashine inayopokea fedha za mteja huyo huyo haina alama ya namna hiyo ambayo mwananchi anaweza kuiona kwa macho yake. Tumemlinda asipunjwe nusu lita, halafu tumemwacha ajilinde mwenyewe asiibiwe mshahara wa mwezi mzima. Huo ni upungufu, na unaweza kuondolewa bila ya gharama kubwa.

Kwanza tuuelewe wizi wenyewe, maana adui usiyemjua humpigi. Kadi ya benki kwa kawaida ina vitu viwili: utepe mweusi wa sumaku ulio mgongoni, na chipu ndogo iliyo usoni. Utepe ni ufundi wa miaka ya 1960. Ndani yake imeandikwa namba ya kadi, tarehe ya kumalizika kwake na maelezo mengine machache, na maandishi hayo hayabadiliki tangu siku kadi inapotolewa mpaka inapokwisha muda. Anayeyasoma mara moja ameshayapata yote, na anaweza kuyanakili katika kadi nyingine tupu. Chipu ni habari nyingine. Kila malipo yanapofanyika, chipu hutoa alama mpya ya siri inayofaa kwa malipo hayo tu. Hata mwizi akiinasa alama hiyo leo, kesho haimsaidii kitu.

Kwa hiyo wizi wa kunakili kadi hutegemea sana ule utepe. Mwizi hutega kinasa, yaani kifaa chembamba kinachosoma utepe wakati kadi inapopita. Akishapata utepe, hutafuta namba ya siri. Hiyo huipata kwa kamera ndogo iliyofichwa juu ya vitufe, au kwa kuweka vitufe vya bandia juu ya vile vya kweli, au kwa kusimama tu nyuma ya bega la mteja asiye na habari. Ukishampa hivyo viwili umempa kila kitu. Kadi yako iko mfukoni, hujaipoteza, hujaporwa, lakini fedha zinatoka katika mji ambao hujawahi hata kuupita. Hii ndiyo sababu wizi huu huchelewa kujulikana: aliyeibiwa hana pengo lolote mfukoni la kumwambia kwamba ameibiwa.

Ndugu Mhariri, Marekani ni nchi moja iliyoumizwa sana na wizi huu katika vituo vya mafuta. Huko dereva hujijazia mwenyewe, na kadi huichomeka ndani ya pampu pasipo mtu wa kumhudumia. Pampu nyingi zilikuwa zikifunguliwa kwa funguo za aina moja, hata mtu mwenye ufunguo mmoja akaweza kufungua pampu za vituo vingi. Mwizi hufungua mlango, hutega kinasa ndani ambako mteja hawezi kukiona, hufunga na kuondoka. Baadhi ya vinasa hutuma habari kwa mawimbi ya Bluetooth, basi mwizi hana haja ya kufungua pampu mara ya pili. Huegesha gari pembeni kama mteja mwingine yeyote na kuvuna.

Sasa tazama jinsi dawa ilivyocheleweshwa. Makampuni ya kadi yaliamua kwamba kuanzia Oktoba 2015, duka la Marekani lisiloweza kusoma chipu ndilo litakalobeba hasara ya kadi ya bandia. Lakini vituo vya mafuta vilipewa muda zaidi kwa sababu kubadilisha pampu ni kazi ya gharama. Muda huo ukawekwa Oktoba 2017, ukasogezwa hadi Oktoba 2020, ukasogezwa tena hadi Aprili 2021. Maduka yalipofunga milango yao, pampu ziliachwa wazi kwa zaidi ya miaka 5. Mwizi ni kama maji, hupita palipo na ufa. Funzo la kwanza ni kwamba ukilinda sehemu moja na kuiacha nyingine, hujazuia wizi, umeuhamisha tu.

Funzo la pili linatoka katika jimbo la Florida, nchini humo humo. Huko kazi ya kukagua pampu za mafuta iko chini ya Idara ya Kilimo na Huduma za Walaji. Wakaguzi wake ndio wanaopima lita na ubora wa mafuta. Walipoona vinasa vimezidi, hawakuunda jeshi jipya. Waliwaambia wakaguzi wale wale kwamba, wakati unapoifungua pampu kuangalia lita, angalia pia kama kuna waya usiohusika. Na mwaka 2016 jimbo hilo likatunga sheria inayomlazimisha mwenye kituo kuweka kinga katika pampu zake, kama vile lakiri ya karatasi inayochanika mtu akiufungua mlango. Mteja akiiona imechanika, anajua kuna jambo. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, wakatangaza programu ya simu waliyoiita Bluetana, ambayo inamsaidia mkaguzi kutambua mawimbi ya kinasa kilichofichwa bila hata ya kuifungua pampu. Mkaguzi wa lita amegeuka kuwa mlinzi wa kadi, na mshahara wake ni ule ule.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni ya Wamarekani wanaojijazia wenyewe, sisi tunao vijana wa kutujazia. Namjibu kwa mfano wa Uingereza. Nchi hiyo iliingia katika kadi za chipu na namba ya siri mapema, na kufikia Februari 2006 mteja alitakiwa atumie namba yake ya siri badala ya kutia saini. Watu walidhani mambo yamekwisha. Mwezi Mei mwaka huo huo, kampuni ya Shell ililazimika kusimamisha malipo ya chipu na namba ya siri katika vituo vyake kiasi cha 600, baada ya zaidi ya pauni milioni 1 kuibiwa katika akaunti za wateja. Mashine za kulipia, zile zinazokaa mezani mbele ya mhudumu, zilikuwa zimechezewa. Utepe ulikuwa bado uko mgongoni mwa kadi, na namba ya siri ilikuwa inabonyezwa kwenye mashine iliyokwishatiwa mkono. Katika nchi yetu watu wengi bado wanakiita kituo chochote cha mafuta sheli, hata kama ni cha kampuni nyingine kabisa. Basi yaliyozikuta sheli zenyewe huko zilikotoka yasitupite masikioni. Kuwapo mhudumu hakutoshi. Swali ni nani anayeihakiki mashine aliyoishika mhudumu huyo.

Sasa turudi nyumbani. Hapa Chake Chake, na vile vile Wete, Mkoani na Konde, watu wengi bado hulipa mafuta kwa fedha taslimu. Lakini mambo yanabadilika. Walimu, wauguzi, askari na watumishi wengine wanapokea mishahara yao kupitia benki, na wana kadi. Wageni wanaokuja kuzamia na kutembea kisiwani wana kadi. Na karibu kila mtu, hata mvuvi wa Wesha anayekuja na dumu lake la petroli, ana fedha ndani ya simu. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Leo makampuni yote makubwa ya simu yana huduma ya namna hiyo, na mtoto wa skuli anajua maana ya lipa namba.

Kuna tofauti moja kubwa ambayo wengi hawaifikirii. Wenzetu wa nchi tajiri mara nyingi hulipia mafuta kwa kadi ya mkopo. Kadi hiyo ikiibiwa, fedha zinazotoka mwanzo ni za benki. Mteja hukataa deni, benki ikachunguza, na wakati huo wote yeye anaendelea kununua unga na sukari. Sisi kadi zetu nyingi zinachota moja kwa moja katika akaunti ya mshahara. Ikinakiliwa, kinachotoka ni fedha ya kula. Uchunguzi ukichukua wiki sita, basi wiki sita hizo watoto wanakula kwa kukopa dukani. Wizi ni ule ule, lakini uzito wake kwetu ni mkubwa zaidi. Kwa hiyo sisi wenye kadi za namna hii ndio tunaostahili kinga kubwa zaidi, wala si ndogo.

Yako pia mambo madogo yanayofanyika vituoni kwa nia njema ambayo yanamfungulia mwizi mlango. La kwanza ni mteja kukaa ndani ya gari na kutoa kadi yake dirishani, mhudumu akaenda nayo kibandani ilipo mashine, akarudi nayo baadaye. Wenye jamaa zao Maskati na Dubai wanajua kuwa huko nako mhudumu ndiye anayejaza mafuta na dereva hashuki. Lakini kadi ikishatoka machoni mwako, hujui imepitishwa mara ngapi, wala hujui kama imepigwa picha mbele na nyuma. Kwa ununuzi wa kwenye intaneti mara nyingi haitakiwi hata namba ya siri. Namba ya usoni, tarehe na tarakimu tatu za mgongoni zinaweza kutosha. La pili ni mteja kumtajia mhudumu namba yake ya siri kwa sauti, eti kwa sababu mikono ina mafuta au kwa sababu foleni ni ndefu. Huko ni sawa na kumpa mtu ufunguo wa sanduku na kumwambia asichungulie.

Upande wa simu nao una vinasa vyake, ingawa havina waya. Jirani yangu, mwalimu wa skuli, alijaza petroli ya vespa katika kituo kimoja ambacho sitakitaja. Akauliza lipa namba. Kijana aliyekuwapo akamwambia mtandao wa namba ya kituo umeharibika, atume kwenye namba hii nyingine. Mwalimu akatuma shilingi 20,000. Hakuwa ameondoka bado pale msimamizi alipotoka na kumwambia fedha hazijaingia. Namba ilikuwa ya mtu binafsi, na kijana yule hakuwa hata mfanyakazi wa pale, alikuwa akiosha magari pembeni. Petroli ilikuwa imeshaingia tangini na haiwezi kurudishwa, basi mwalimu akalipa mara ya pili. Alipoeleza habari yake mjini aliambiwa na wengi kwamba kosa ni lake. Mimi sikubali. Mtu anayekwenda kununua mafuta hapaswi kuwa mpelelezi.

Ujanja huo ni ndugu wa ule ujumbe unaojulikana nchi nzima, wa mtu usiyemjua kukuandikia kwamba ile fedha uitume kwa namba hii. Mwizi hakujui, wala hajui unadaiwa na nani. Anatupa nyavu kwa watu elfu moja akijua kwamba miongoni mwao yuko mmoja ambaye kweli alikuwa karibu kutuma fedha. Kituo cha mafuta ni pahala pazuri kwa ujanja huo, kwa sababu kila anayefika pale amekuja kulipa na ana haraka.

Na ipo namna mpya zaidi. Sasa vituo na maduka yanabandika karatasi yenye picha ya miraba myeusi na myeupe ambayo mteja huielekezea simu na kulipa. Benki Kuu ya Tanzania imeweka hata utaratibu mmoja wa kitaifa wa alama hizo, unaoitwa TANQR, ili alama moja ipokee malipo kutoka benki na mitandao mbalimbali. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini karatasi ni karatasi. Januari 2022, katika mji wa Austin jimboni Texas, mita za kulipia maegesho zilikutwa zimebandikwa alama za bandia zilizowapeleka wenye magari kwenye ukurasa wa matapeli. Kilichohitajika ni gundi na giza la usiku. Kinachowezekana juu ya mita ya maegesho kinawezekana pia juu ya nguzo ya pampu.

Ndugu Mhariri, sheria tunazo. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na ipo Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka huo huo. Benki Kuu ilitoa kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha mwaka 2019. Laini za simu ziliandikishwa upya kwa alama za vidole, na tarehe ya mwisho ilikuwa 20 Januari 2020. Mamlaka ya Mawasiliano imeweka namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa kitapeli. Tatizo liko katika mgawanyo wa kazi. Benki Kuu inaangalia mabenki na makampuni ya simu. Benki inaangalia mashine yake, na iko mbali na kituo. ZURA, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2013, kazi yake kituoni ni mafuta. Mkaguzi wa vipimo anaangalia lita. Polisi huja baada ya mtu kulia. Kila mmoja ameshika pembe yake ya mkeka, lakini mteja amekaa katikati, na katikati ndipo penye tundu.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matano, nayo yote ni ya kawaida.

Kwanza, mkaguzi anayefika kituoni kwa ajili ya lita apewe pia orodha fupi ya malipo. Aangalie namba ya mashine ya kadi na kuilinganisha na ile iliyoandikishwa na benki. Aangalie kama kasha limefunguliwa. Aangalie lipa namba na alama zilizobandikwa kama ni za kituo. Kisha aweke lakiri yenye tarehe pahala ambapo mteja anaiona. Kazi hii haizidi robo saa.

Pili, kila kituo kilazimishwe kuandika lipa namba yake kwa rangi juu ya ubao wa kudumu, pamoja na jina litakalotokea katika simu ya mteja. Jina lisipofanana, mteja asilipe. Na iwe marufuku kwa mfanyakazi yeyote kupokea malipo ya mafuta kwa namba yake binafsi, hata mtandao ukiharibika. Mtandao ukiharibika, mteja aambiwe kabla ya mafuta kutiwa na sio baada yake.

Tatu, mashine iifuate kadi, kadi isiifuate mashine. Mashine za mkononi zipo. Kituo kinachotaka kupokea kadi kiwe na mashine inayofika dirishani, na mteja achomeke au agusishe kadi yake kwa mkono wake mwenyewe. Pale ambapo mashine inaomba utepe ingawa kadi ina chipu, mteja awe na haki ya kukataa na kulipa kwa njia nyingine bila ya kutukanwa. Mabenki ya Kenya yalijitahidi kuhamia katika kadi za chipu miaka ya mwanzo ya 2010 kwa sababu ya wizi huu huu, na faida ya chipu hupotea pale tunaporudi kupitisha utepe.

Nne, mabenki yampelekee mteja ujumbe wa simu kwa kila fedha inayotoka, tena bila ya malipo, na yamwezeshe kuweka kikomo cha siku na kufunga matumizi ya intaneti kama hayahitaji. Ujumbe huo ndio kengele ya mlango. Kumtoza mtu fedha ili aisikie kengele ya nyumba yake mwenyewe si jambo la haki.

Tano, na hili kwetu Wapemba ndilo kubwa, malalamiko ya namna hii yaweze kusikilizwa na kuamuliwa hapa hapa kisiwani. Benki ya Watu wa Zanzibar ina matawi huku, na si peke yake. Lakini malalamiko ya fedha mara nyingi husubiri jawabu la makao makuu, Unguja au Dar es Salaam. Mtu aliyeibiwa shilingi 60,000 akiambiwa afuatilie ng'ambo, atapanda boti Mkoani, atalala, atakula, na mwisho atakuwa ametumia zaidi ya alichoibiwa. Basi husamehe. Na mwizi anajua kwamba atasamehe. Umbali wa bahari umekuwa mshirika wa mwizi. Awepo ofisa mmoja tu Chake Chake mwenye uwezo wa kupokea malalamiko, kuizuia fedha inayoshukiwa na kutoa jawabu kwa maandishi kwa siku zilizowekwa.

Nimesikia majibu ya aina mbili kila ninapoyasema haya barazani. Wapo wanaosema turudi kwenye fedha taslimu, yaishe. Siwalaumu, lakini sidhani kuwa ni dawa. Noti nazo zina bandia zake. Mwenye kituo anayelala na fedha nyingi analala na hatari. Dereva wa gari ya shamba anayelipa kwa noti hana ushahidi wowote akidaiwa mara ya pili, ila akidai risiti. Malipo ya simu na kadi huacha alama, na alama hiyo ndiyo inayomkamatisha mwizi, mradi yuko mtu wa kuifuata. Wengine wanasema vijana wa pampu ndio wezi, wafukuzwe. Hilo ni dhuluma. Wengi wa vijana hawa wanafanya kazi juani kwa ujira mdogo, na fedha ikipungua wao ndio wa kwanza kukatwa. Mashine yenye lakiri na ubao wenye jina vinamlinda mhudumu mwaminifu kama vinavyomlinda mteja, kwa sababu vinaondoa shaka.

Wakati tunasubiri wahusika, sisi wananchi tusilale. Shuka garini ulipe mwenyewe. Funika vitufe kwa kiganja unapobonyeza namba ya siri, hata mbele ya ndugu yako. Soma jina katika simu kabla ya kuthibitisha, na mtu akikuharakisha, ndio kwanza uende polepole. Dai risiti. Ukituma kwa makosa, piga namba 100 ya kampuni yako ya simu papo hapo, kabla mpokeaji hajaitoa fedha. Ukiona fedha imetoka benki bila ya wewe kujua, ifunge kadi kwanza, malalamiko yafuate. Na mara moja moja bonyeza *106# uangalie ni laini ngapi zimeandikishwa kwa kitambulisho chako, maana laini ya mwizi inaweza kuwa na jina lako.

Lakini narudia kwamba tahadhari ya mteja haiwezi kuchukua nafasi ya wajibu wa msimamizi. Hatukuwahi kumwambia mwananchi atembee na ndoo yake ya kupimia petroli. Tuliona kuwa hiyo ni kazi ya Serikali na tukaifanya. Malipo ya kadi na simu bado hayajatawala vituo vyetu vya Pemba, na huo ndio wakati mzuri wa kuweka utaratibu, kabla wezi hawajajua njia kuliko sisi. Naomba ZURA, Benki Kuu, wakaguzi wa vipimo na makampuni ya simu wakae meza moja, na watuambie wananchi kupitia gazeti hili ni nani kati yao atakayetia lakiri, na lini.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkaazi wa Tibirinzi,
Chake Chake, Pemba.